Sketi ya Jumapili

Kwa Mzee Kilonzo,
Mbooni,
Machakos.
12 Machi 1987

Mpendwa dada Mbula,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima huko Eldoret, na baridi umeizoea? Sisi tunapumua, ila nyanya yetu, Susu, bado anasumbuliwa na goti. Leo nimeapa kukuambia yote, hata yanayoniaibisha.

Nimeitwa chuo kikuu. Mama alilia kwa furaha, na kanisa zima likaniombea. Kisha Baba akasoma barua ya mwito mara ya pili, akakuta kwamba mwezi ujao sharti niende kwanza kambini Gilgil kwa mafunzo ya vijana, kama ulivyokwenda wewe, na kwamba huko wasichana nao huvaa sare ya suruali. Wakati wako alinyamaza kwa kuwa wewe ni binti wa kaka yake, si yeye aliyekuzaa.

Unajua Baba, naye mzee wa kanisa, anavyomwona mwanamke aliyevaa suruali. "Mumbua," aliniambia, "kitabu husomwa kwa macho. Miguu inataka suruali ya nini?" Susu akadakia kwamba yeye alivaa ngozi ya mbuzi hadi akaolewa, na Mungu hakumsahau. "Mama, hiyo ilikuwa kabla ya Injili," Baba akasema, wala hakuna aliyethubutu kucheka.

Hadi leo hajaniruhusu kwenda, lakini siwezi kumchukia. Ndiye aliyenibebea sanduku kila muhula kushuka mlima hadi barabarani, majirani wakimcheka kwa kusomesha msichana.

Mvua bado. Mtoni tunachimba mchanga kutafuta maji, na wasichana niliosoma nao shule ya msingi, wengi wakiwa na watoto mgongoni, huniuliza, "Yunivasti, bado uko?" Hayo navumilia. Lakini juzi mdogo wetu Nzilani alifunga vitabu vyake, akasema kama mimi nimepita na bado nachota maji naye, yeye asome ya nini.

Jana tulikuwa tukichambua mbegu za maharagwe. Baba akauliza bila kuniangalia, "Hata Siku ya Bwana wanavaa hivyo?" Ningeweza kusema hapana, dada, lakini sijui, na nikaogopa uongo. Akasema, "Muulize Mbula. Huyo hadanganyi."

Mama, Susu na Nzilani wanakusalimu sana. Bwana akushike mkono katika mitihani yako.

Nijibu kwa posta ya kwanza, tena ukweli mtupu, maana Baba ataisoma barua yako mwenyewe: Jumapili huko kambini, mliruhusiwa kuvaa sketi kwenda ibadani?

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Mumbua