Jibu Nililolibeba Kutoka Nyaramba

Mogaka, rafiki yangu na shemeji yangu,

Nimekuficha jambo kwa zaidi ya miaka hamsini. Ni jibu la Nyaboke, lile ulilonituma Nyaramba kulitafuta tulipokuwa walimu vijana, nawe ukabaki Marani ukinisubiri na shati lako la Jumapili limepigwa pasi. Jibu nililokuletea silo nililopewa. Haya, nimeliandika.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu chuo cha ualimu. Ekegusii ndiyo lugha ya kusemea kwetu, na hili nimeshindwa kulisema. Padri aliniletea komunyo Jumatano na nikaungama yote mengine. Hili sikumpa. Si yeye niliyemkosea.

Kilichonisukuma, na najua utacheka, ni Wakorea.

Tangu tukuzike, miaka miwili sasa, mambo yamebadilika. Dada yangu Kerubo, mjane wako, aling'oa migomba yako ya nyuma ya jiko akapanda parachichi za kuuza. Ungenuna wiki nzima. Mimi moyo umechoka, siwezi tena kupanda kile kilima cha kwangu, kwa hiyo mjukuu wangu Bosibori amenichukua nikae kwake Kiogoro. Asubuhi huenda mjini kwenye duka la dawa anakofanya kazi, na alasiri akirudi huwasha tamthilia za Kikorea. Nyingine zimetiwa sauti za Kiswahili, nyingine zina maandishi chini ya picha, nami huyasoma kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Mwanzoni nilimwambia huo ni upuuzi wa wasichana. Sasa akichelewa namuuliza yuko wapi.

Nikupe maoni yangu, maana wewe ungenidai.

Wanalia mno. Mwanamume mzima, mwenye kampuni na dereva, analia barabarani mvua ikimnyeshea, na mwavuli anao mkononi. Hawajui kugongwa na gari wakavunjika mguu tu kama watu wengine. Wao lazima wapoteze kumbukumbu. Mimi nasahau kama nimekunywa chai, lakini njia ya Nyaramba sijaisahau hata jiwe moja. Halafu mama wa tajiri humwita msichana maskini hotelini, humsukumia bahasha ya pesa, na akikataliwa humwagia maji usoni. Mama zetu wangekuja na mashangazi watano na maneno tu, na msichana angelowa zaidi.

Lakini heshima wanayo. Kijana humpokea mzee kikombe kwa mikono miwili. Hawagusi chakula kabla ya mkubwa kuanza. Bosibori sasa ananipa uji kwa mikono miwili, ati ananichezea, nami nafurahi kimyakimya.

Filamu zao ni kitu kingine. Tamthilia hukusamehe ikifika mwisho: sehemu ya kumi na sita, kila mtu anakula pamoja, adui amegeuka mjomba. Filamu haisamehi. Inakuacha na nyumba ile, na watu wale, na lile walilofanya, kisha taa zinawaka. Bosibori hazipendi. Mimi nazipenda zaidi, ingawa baada yake siwezi kuketi. Nazunguka meza, nahesabu vigae vya sakafu, nafungua friji nikiwa sitaki kitu.

Unakumbuka filamu za chuoni? Jumamosi alasiri, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa mablanketi yetu wenyewe, wapanda farasi wanafukuzana kwenye shuka. Ulikuwa mtazamaji mbaya kuliko wote. Ulisimama juu ya benchi ukipiga kelele, "Nyuma yako, mjinga wewe! Huyo si rafiki yako!" Mkuu wa chuo alikutoa nje mara mbili. Mara ya tatu alikuuliza, "Mogaka, unadhani anakusikia?" Ukamjibu, "Hasikii, mwalimu, lakini mimi nitakuwa nimesema."

Nami nilikuwa nimeketi kando yako.

Tamthilia ninazozipenda kuliko zote ni zile za wafalme wao wa kale. Nimegundua jambo ambalo Bosibori halioni. Kila kitu humo hutegemea mtu wa kupeleka habari. Bwana yuko huku, binti yuko kule, ukuta katikati, na kuna mjumbe anakimbia na maneno yao. Jina lake halitajwi. Hakuna anayemuuliza kama yeye ana shida zake. Mimi humtazama yeye tu. Namwambia moyoni, kaka, na wewe ukiamua kusema kitu kingine?

Ulinichagua mimi niwe esigani wako, mshenga wako, kwa sababu ulisema, "Wewe una ulimi wa mwalimu na uso wa katekista." Kazi ya esigani ni kwenda kuutazama mji wa kina msichana, kuwajua watu wake, na kurudi na neno. Neno lake halipimwi. Ndiyo maana huchaguliwa mtu anayependwa.

Nilimkuta Nyaboke shambani akichuma pareto. Nilimweleza nia yako. Alinyamaza. Aliendelea kuchuma, akaniambia habari za mvua. Nilirudi nikifikiri njia nzima kwamba msichana anayenyamaza hivyo hana moyo kwako, na kwamba ni afadhali nikuambie wazi kuliko kukuacha ukining'inia. Nikakuambia amekukataa.

Uliketi kwenye dawati la darasa la nne ukacheka. "Basi," ukasema, "mimi ni wa kukataliwa." Kesho yake ulitaka kwenda mwenyewe. Nilikuzuia. Nilikuambia, "Mwalimu mzima uende kuomba kama mtoto? Watu watasema nini?" Hukwenda. Yeye mwaka uliofuata aliolewa mbali na hatukumsikia tena.

Ngoja, nimesimama kidogo. Nimerudi.

Kuna tamthilia moja tuliyoianza mwezi uliopita. Kijana anampenda msichana wa duka la mikate, na rafiki yake wa tangu utoto ndiye anayeficha ujumbe wao. Kila tukikaribia pale anapotaka kushikwa, mimi huenda msalani. Juzi Bosibori alisimamisha picha akanitazama.

"Babu, mbona tukifika hapa wewe kila saa ni choo?"

"Ni dawa za moyo."

"Dawa nakupa mimi, Babu. Hizo hazimpeleki mtu choo. Kaa chini, anakaribia kushikwa."

Nilikaa. Alishikwa. Akaungama, akakumbatiwa, nami nikapumua. Bosibori akatikisa kichwa. "Bado. Huyu bado ana kitu." Na kweli. Wale watu huungama mara mbili. Mara ya kwanza hutoa ile nusu nyepesi, ile inayoweza kusameheka mbele ya wageni. Nusu nzito huibakiza, na huyo anayekumbatiwa anajua kwamba anakumbatiwa kwa uongo.

Nimesoma tena niliyoyaandika hapo juu. Nimesoma kama Bosibori.

Basi nikuambie habari za ng'ombe. Baba yangu alikufa bila kuacha hata ndama, unajua. Kwetu kaka huoa kwa ng'ombe walioletwa na dada yake, na Kerubo alikuwa hajapata mtu. Msichana niliyemtaka, yule aliyekuja kuwa mke wangu, baba yake alikuwa tayari anazungumza na mwingine. Alinipa muda hadi mavuno. Na wewe, Mogaka, zizi lenu Marani lilikuwa limejaa. Nilipokuwa nashuka kutoka Nyaramba niliwaona wale ng'ombe. Niliwaona wakitembea kwenda kwa Nyaboke, na mimi nimesimama kando ya barabara nikiwa sina kitu.

Wiki tatu baada ya kukuambia umekataliwa, nilikuambia dada yangu anakuulizia. Hakuwa amekuulizia. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Kerubo wewe ndiye unayemuulizia. Ng'ombe wako hawakukaa kwetu hata wiki mbili. Nikawaswaga kwa wakwe zangu, na nyumba yangu yote imetoka humo, hadi Bosibori huyu anayenipa uji.

Hamkuishi vibaya, wewe na Kerubo. Nimejiambia hivyo miaka yote. Mlizaa, mlicheka, alikuuguza vizuri. Lakini nilikuona vilevile ukiwekewa fomu ya kuomba ukuu wa shule, nawe ukaisukuma kando: "Waacheni wengine. Mimi hata Nyaramba walinikataa." Watu walicheka. Ulisema hivyo kila mlango ulipokuwa mbele yako. Ulisema hivyo tukiwa na mvi. Mara ya mwisho ulikuwa hospitalini, muuguzi anakosa mshipa mkononi mwako, ukamwambia hata sindano zinakukataa. Nilikuwa nimeshika kofia yako. Nilifungua kinywa. Nikakuuliza kama unataka maji.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu. Jumapili Bosibori atanipeleka Marani. Nitamwambia Kerubo kwanza, ana kwa ana, kwa sababu naye nilimdanganya, na sitaki alijue kupitia mtu mwingine nikishakufa. Akiniruhusu kupita uani, nitakuja kaburini kwako. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa haki, nami nitarudi tena Jumapili inayofuata, nikiwa bado nipo.

Kwaheri, ndugu yangu. Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nitakuomba mbele ya uso wako, kabla hata ya salamu. Nataka kwanza uwe na kilicho chako.

Nyaboke hakunyamaza. Aliweka kikapu cha pareto chini, akapangusa mikono kwenye leso, akasema, "Mwambie alete wazee wake, na aache aibu." Alikubali, Mogaka. Alikubali kabla sijamaliza kuuliza.