Mtoto Wako Yuko Wapi?

Halifax,
Jumatano mchana

Dada yangu Hilary,

Salamu zangu zikufikie wewe na shemeji Joost, na natumaini mgongo wake umepata nafuu tangu tulipoongea. Huku hatujambo. Mimi mzima, Bryony mzima, hakuna aliyeumia na hakuna ajali iliyotupata njiani. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua tangu Jumapili hulali vizuri. Mama naye yu salama, anakusalimu sana, analalamika tu kuhusu mbwa wa majirani wapya.

Najua umenikasirikia, na una haki. Mlidamka alfajiri mkaja hadi bandarini, mkasimama kwenye upepo wa Rotterdam mkitazama abiria wa meli ya Hull wakishuka mpaka wa mwisho, na sisi hatumo. Ukapiga simu, nikaizima. Jumbe zako zote nimezisoma. Ule wa kuniita mpumbavu nimeurudia, na sina la kuupinga. Kukueleza kwa simu nilishindwa, maana kwenye simu wewe huuliza swali kabla sijamaliza jibu la kwanza, nami hutoa uongo wowote ili nipate kupumua. Ndiyo maana nimekaa jikoni na kalamu, kama babu.

Nianzie maegeshoni. Tangu mimi na Leanne tuachane, tunakabidhiana Bryony kwenye supamaketi ya kule bondeni, kila baada ya wiki mbili. Jumamosi asubuhi yeye ananiletea, Jumapili alasiri mimi namrudisha. Majumbani hatuendeani, ukisimama mbele ya mlango uliokuwa wako, maneno huanza yenyewe. Tunakutana kwenye zile nafasi za mbele, karibu kabisa na mlango wa duka, zilizochorwa mzazi na mtoto. Ni pana, mlango wa gari unafunguka wote, na mtoto wa miaka minne anahamishwa bila kupitishwa katikati ya magari. Zina shida moja tu. Anayekuja kupokea anakuja na kiti kitupu, na anayekabidhi anaondoka na kiti kitupu. Asiyejua mambo yetu akikuona umekaa pale peke yako, anakuhesabu mwizi wa nafasi za watu.

Na kwingine siwezi kupaki. Mwaka jana nilijitia uungwana, nikapaki upande wa pili niwaachie wenye watoto. Leanne akafika, hakuliona gari langu mahali pake, akageuza akaenda zake. Wiki iliyofuata wakili wake akaniandikia kwamba sikutokea. Tangu hapo nimejua: gari langu lisipoonekana pale, hakuna mtoto wikendi hiyo.

Jumamosi iliyopita sikuwa tayari kumkosa kwa lolote. Meli ilikuwa inaondoka jioni. Kwenye buti nilikuwa na masanduku mawili, na mfukoni mwa koti pasipoti ya Bryony, ambayo ilibaki kwangu tangu tulipokuja kwenu mwaka juzi na hakuna aliyeikumbuka. Sasa sikiliza, dada, na usiitupe barua. Leanne hakujua lolote kuhusu meli. Uliponiuliza kama amekubali, nilikwambia amekubali na anakusalimu. Hakukubali, wala hakukusalimu. Alijua Bryony anakwenda kwa bibi yake kula keki.

Basi nimekaa pale, mvua inanyesha, duka limejaa kama ni siku ya mwisho ya chakula duniani. Leanne amechelewa. Mara gari moja kubwa la kijivu likaanza kuzunguka. Nafasi zote za wazazi zimejaa, moja ikiwa na kigari cha kijana aliyeingia mbio kununua sigara. Gari lile likapita mara ya kwanza, likapita tena, kisha likasimama nyuma yangu. Akateremka mama mmoja, nywele zimemlowa, sweta limegeuzwa ndani nje, akaja kunigongea kioo. Baadaye nilimjua kwa jina, anaitwa Maxine. Ndani ya gari alikuwa na kichanga kinachopiga makelele na mwingine wa miaka kama miwili anayekipiga teke kiti cha mbele.

Hakunisalimu. Aliuliza mtoto wangu yuko wapi. Nikamwambia anakuja. Akachungulia kiti cha nyuma, akanitazama tena, akauliza anakuja kutoka wapi, anashuka na mvua? Nikamwambia kwa adabu yote niliyokuwa nayo kwamba mama yake anamleta. Akacheka kile kicheko kisicho na furaha, akasema hiyo ni mpya. Wiki iliyopita mwenzangu mmoja alimwambia mtoto yuko dukani, akatoka na kreti ya bia.

Ungeniona, ungenihurumia. Siku nyingine yoyote ningemwachia nafasi, au tungetukanana kidogo kila mtu akaenda zake. Siku ile sikuweza. Nikitoka, Leanne anageuza. Nikibaki, huyu mama anaita watu. Akatoa simu akapiga picha gari langu, namba yake na uso wangu, akisema atanirusha kwenye kundi la mtaa wote wanione. Nikamwambia apige tu, atafute na upande wangu mzuri. Mdomo wangu, Hilary, unaujua; hauchagui siku. Akarudi kwenye gari lake, akalisogeza mpaka likakaribia kunigusa matako ya gari, akazima injini, akapaza sauti watu wote wasikie: “Haya, nami nangoja nimwone huyo mtoto! Leo hatoki mtu hapa!”

Walio nyuma yake wakaanza kupiga honi. Mzee mmoja mwenye toroli akasimama kutazama kama aliyelipa kiingilio. Msichana wa duka aliyevaa kizibao cha manjano akaja kuuliza kuna nini, Maxine akamweleza, naye akaniinamia akaniuliza kwa upole kama nina mtoto au sina. Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu wa dukani. Nikasema ninaye. Sauti ilinitoka ndogo, nadhani hakuniamini. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba akiitwa polisi, akiniomba nifungue buti, nimekwisha.

Ndipo Leanne akafika. Hakupata pa kupaki, akaacha gari kwenye mistari ya njano, pasiporuhusiwa kupaki, akaja kwa miguu, Bryony mkononi, mwavuli ukiwafunika nusu nusu. Nilijua sasa nitatiwa adabu mbele za watu. Unajua tulivyo, mwaka mzima tumeandikiana kupitia mawakili. Akauliza kuna nini. Maxine akamwambia kuna bwana hapa anajifanya ana mtoto. Na Leanne, dada, Leanne ambaye hata jina langu hulitaja kama anatema mbegu, akamwambia: “Huyu ndiye baba yake. Nina mengi ya kumsema, nikianza tutalala hapa. Lakini hajawahi kunicheleweshea mtoto hata Jumapili moja. Akisema anamrudisha, anamrudisha.”

Maxine akashika mdomo. Bryony akanipungia mkono. Mimi nikatazama usukani.

Kisha Leanne akaenda kuitoa baiskeli ndogo ya Bryony garini mwake, akaja nayo nyuma kuiweka kwenye buti langu, kama afanyavyo siku zote. Masanduku yalikuwa humo. Akavuta, buti halifunguki; gari la Maxine lilikuwa limelibana. Akasema basi, baiskeli ikae mbele. Nikasema ndiyo, ndiyo, ikae mbele, nikaipokea mwenyewe kwa haraka mpaka nikajigonga goti. Nilipokwisha kumfunga Bryony mkanda, Maxine alikuja dirishani akaomba radhi. Alisema hajalala tangu mtoto azaliwe, na kwamba wallahi alidhani mimi ni wale wale. “Usinichukie, kaka,” aliniambia. “Nami picha naifuta, angalia naifuta.” Akaifuta nikiona. Nikamwachia nafasi nikaondoka, kila mtu akiniona mtu mwema.

Nilishika barabara ya Hull. Bryony aliimba mpaka Leeds, akala biskuti, akalala. Mvua ilikatika. Na kwa kweli furaha niliyokuwa nayo nikitoka nyumbani asubuhi haikunirudia. Kila nilipopita kibao cha barabarani, niliyasikia maneno ya Leanne. Nilijaribu kuyajibu. Nilijiambia anamhamishia Plymouth mwezi ujao, mwisho wa nchi, nitamwona mtoto sikukuu tu. Nilijiambia yeye ndiye aliyeanza. Yote hayo ni kweli, bado nayasema hata leo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Hatukuwa tunakuja kwenu kwa wiki moja. Masanduku yale yalikuwa na koti lake la baridi, viatu vya saizi inayofuata, kadi yake ya chanjo, cheti chake cha kuzaliwa. Nilikuwa nimekwisha kuacha kazi tangu Ijumaa. Nilipanga kukaa kwenu siku chache, kisha kwenda mbele, Ujerumani au popote, na kukuachia wewe kazi ya kuzungumza na Leanne. Sikukusudia kumrudisha. Nilikufanya wewe mlango wa kutorokea, na nyumba yako maficho, bila kukuomba. Nisamehe, Hilary. Naona aibu hata kuandika.

Karibu na Goole, nusu saa tu kabla ya Hull, ndipo niliposhindwa. Nilianza kuhesabu kesho yake: saa hii tutakuwa kwa Hilary, saa hii tunakunywa chai, alasiri Leanne atakwenda kumpokea mtoto. Nikamwona amepaki pale pale, kiti cha nyuma kitupu. Jumapili duka linafungwa saa kumi. Atagongewa kioo na mtu kama Maxine, aulizwe mtoto wake yuko wapi, naye atajibu anakuja, baba yake anamleta. Atajibu hivyo na ataamini. Nilitoka kwenye barabara kuu, nikasimama mbele ya kituo cha mafuta, nikalia mpaka Bryony akaamka akauliza kama tumefika kwa bibi. Nikamwambia bado kidogo.

Tulikula keki kwa Mama, wala Mama hajui neno. Jumapili nilifika mapema. Leanne alipokuja nilimwomba atangulize kumfunga Bryony kwenye gari lake, afunge mlango, kisha aje. Nikafungua buti mbele yake. Alitazama masanduku. Akafungua moja, akaliona koti, akaugusa mkono wa koti kwa muda mrefu. Nikampa pasipoti. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. Aliuliza nilifika wapi. Nikasema Goole. Akauliza kilichonirudisha, nikamwambia kama nilivyokwambia wewe; safari ilikuwa ya muda gani hakuuliza, nami sikuutaja. Akanigeukia, macho yamejaa machozi. Akasema: “Ningekaa, Russell. Wangefunga duka, wangezima taa, mimi ningekaa tu hapa. Ningewaambia unakuja.”

Akafuta uso kwa kiganja. Akasema hatanipeleka kwa wakili wake. Nitajipeleka mwenyewe kwa wakili wangu, nieleze yote, naye atanisubiri hadi Ijumaa. Kisha akamchukua mwanangu wakaondoka. Bryony aliniaga kupitia kioo cha nyuma mpaka wakakata kona, naye hajui kama ni kwaheri ya wiki mbili au ya miezi.

Wakili wangu ananingoja kesho asubuhi. Ameshaniambia kwa simu, bila kujua habari yenyewe, kwamba wakati wa kesi mtu asiseme asichoulizwa. Najijua. Nikiingia pale ataniuliza safari ilikuwa ya muda gani, na neno “wiki moja” litakuwa limekaa tayari kwenye ulimi, na hakuna duniani anayeweza kunikanusha. Nikilisema huenda nikabaki na Jumamosi zangu. Nikisema kweli, huenda nikamwona mwanangu kwenye chumba cha watu wengine, na mtu kakaa pembeni anatuandika. Nampenda mno, na naogopa mno, ndugu yangu. Kwa hiyo barua hii naipeleka posta sasa hivi, kabla sijabadili nia. Ikishatumbukia kwenye sanduku, atakuwepo mtu mmoja anayejua, na wiki moja sitaweza kuisema tena.

Wakikupigia mawakili, wowote wale, waeleze kama nilivyoandika. Usinifiche, hata kwa mapenzi. Msalimie sana Joost, na umwombe radhi kwa niaba yangu kwa kumsimamisha kwenye baridi na mgongo ule.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye,
Russell