Maiti Mbishi na Uso Wako

Baba Zuhura,

Barua huanza kwa kumuuliza mwenzio hali. Yako nimemwachia Mungu, sitaiuliza. Nitakupa yangu, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mie mzima. Eda imekwisha, nguo nyeupe nimezivua, na mchana huu nimekula wali kwa samaki nikaomba niongezewe. Wifi yangu Mwajuma alinitazama nikilamba vidole akasema, "Alhamdulillahi, huyu amerudi." Dada yako unamjua, hapotezi maneno. Basi nimeona nikueleze nilikuwa nimekwenda wapi.

Ulipofariki, mume wangu, nilikuogopa.

Nimeliandika haraka kabla sijapata la kulipamba. Mie niliyekukanda mgongo miaka yote ile, niliyekulisha kwa mkono wangu ulipolala na homa, nilikuogopa hata jina lako sikutaka litajwe saa za alasiri. Na aliyenitia hofu hiyo unamjua kuliko mtu yeyote hapa Temeke. Ni yule Maiti Mbishi wetu.

Zuhura akikua huenda akaisoma barua hii akauliza ni nani huyo, kwa hiyo niache nieleze kama vile hujui. Ilikuwa picha ya Kihindi, kuukuu, jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezijua, ndipo watazamaji wakaipa jina lao wenyewe. Tajiri mmoja kijana anakufa muda mfupi baada ya harusi yake. Anazikwa, kisha anatoka kaburini bila kujua kwamba amekufa. Anarudi kwake, anagonga mlango, anaomba maji, hakuna anayemfungulia. Basi anazunguka mji mzima na uso wake mweupe kama ukuta uliopigwa chokaa, anagombana na kila anayemwambia kwamba yeye ni maiti. Maneno yao hatukuyajua. Mkanda ulikuwa umekatikakatika, mikwaruzo imejaa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mahali pamoja sauti ya mwanamke ilikuwa ikitoka mdomoni mwa ngamia.

Watu wa heshima walikwenda kwenye majumba makubwa ya mjini kutazama picha za mapenzi. Sie tulikwenda kwenye lile jumba dogo la mabati, ambalo mwenyewe aliirudisha Maiti Mbishi kila alipokosa picha mpya, na alikuwa akikosa mara nyingi. Tukawa kama ukoo. Tulijua wapi pa kuzomea, wapi pa kupiga makofi, na akitokea tu jumba zima linamkemea, "Lala wewe!" Wazungu wa kukagua picha, waliokuwa wakikata bastola kwenye picha za kauboi zisije zikatuharibu sie Waafrika, hii waliipitisha nzima. Ulikuwa ukisema hakuna hata mmoja wao aliyevumilia kuitazama mpaka mwisho.

Wanawake tulikuwa na siku yetu, Jumatano alasiri, mwanamume haingii. Wewe ulikwenda Jumamosi. Hatukuwahi kukaa pamoja ndani ya giza lile hata mara moja, na bado naona tuliitazama pamoja kuliko mume na mke waliokaa kiti kwa kiti. Maana wewe ulikuwa mwoga. Mwosha maiti wa msikiti, mtu wa kuitwa Keko, Mtoni na Chang'ombe kila palipotokea msiba, ukimwona mcheza sinema aliyepakwa unga unatetemeka. Mie nilikuwa natafuna karanga. Kwa hiyo kila Jumatano magharibi ulikaa mkekani, chai inapoa, nami nakupa njia. Akishika taa na kushuka ngazi, fumba macho. Ukisikia zumari, fumbua. Harusi ikiisha, jiandae. Wenzio walipokuona umeweka leso usoni walidhani unafuta jasho, na siri hiyo sikumtolea mtu.

Unakumbuka Jumamosi ile mtu wa mashine alipochanganya mikanda. Uliingia ndani kofia mkononi, salamu hukutoa. "Mama Zuhura, uliniambia baada ya harusi. Kaja kabla ya harusi! Nimekaa nimetoa macho, nasubiri ngoma, mara huyo!" Ukaniambia ulipiga shahada kwa sauti jumba zima likasikia, na kuna mzee aliyekaa nyuma yako akakujibu "Amin." Nilicheka mpaka nikakaa chini, nawe ukanuna, kisha ukaanza kucheka kuliko mie.

Siku nyingi sikuelewa kwa nini mtu aliyeshinda na maiti aende tena kutazama mwingine, na tena yule wa kumwogopesha. Nilikuuliza mara moja tu. Ilikuwa siku uliyotoka kumwosha mtoto wa yule jirani yetu fundi cherehani. Ulioga, ukavaa kanzu ya kutokea, nikakuuliza, leo pia unakwenda? Ukanijibu huku unafunga vifungo: "Hawa wangu wanakubali kila kitu, Mama Zuhura. Nikimgeuza anageuka. Nikimfunga kidevu ananyamaza. Nataka nimwone mmoja anayekataa." Ukaenda. Nilibaki na kikombe chako mkononi, na tangu hapo sikukuuliza tena.

Halafu ikawa zamu yako. Ulikaa kwenye baraza la msikiti baada ya sala ya alasiri kusubiri magharibi, na magharibi haikukukuta. Wenzio walikuosha vizuri, kama ulivyowafundisha. Nikaitwa kukuaga.

Nataka uelewe nilichokiona. Kidevu kimefungwa, pamba puani, unga wa karafuu maiti kwenye paji la uso na juu ya pua, mweupe, na mwanga wa dirishani umekuangukia pale palipokuwa peupe. Nikamwona Maiti Mbishi. Sisemi ulifanana naye. Alikuwa yeye, amelala chumbani kwetu, na mie peke yangu ndiye niliyejua kwamba hatakubali kulala. Nilikuwa nimeanza kukusomea dua. Niliikatisha katikati nikatoka nje mbio, wanawake wakanidaka, wakadhani ni uchungu.

Tangu siku ile uso wako ukapotea. Nikikukumbuka unakula, anayekula ni yeye. Nikikukumbuka umembeba Zuhura begani kumpeleka kuona taa za mji, mabega ni yako, uso ni wake. Picha hatukupiga. Ulikuwa ukisema tutakwenda kwa mpiga picha sikukuu ijayo, na sikukuu zilipita tukinunua kanga. Nilikaa eda ndani ya nyumba yenye waume wawili, na wewe ndiye uliyekuwa ukiondoka kidogo kidogo.

Jirani alikohoa nje alasiri moja, nikaangusha sufuria ya mchuzi. Mwajuma, aliyekuja kukaa nami edani, alitoka uani akaniona nimeshika ukuta. Nikamweleza, maana nilichoka kulibeba peke yangu. Dada yako akapandwa na hasira ya mtu aliyefiwa. "Mapicha hayo. Nilisema mie. Mtu anashinda na maiti wa Mungu, kisha anakwenda kuwacheka maiti wa Kihindi. Haya ndiyo hayo." Akaingia ndani akatoka na msahafu, akanitaka niape kwamba jumba lile sitatia mguu tena. Nilikwisha nyoosha mkono, Baba Zuhura. Kisha nikafikiri, nikiapa leo nitabaki na huyu mpaka kufa kwangu. Mie sikuwa nataka sinema. Nilikuwa nautaka uso wa mume wangu, na mtu aliyeuchukua nilijua anapopatikana. Nikaurudisha mkono mapajani. Mwajuma alininunia mpaka mboga tukawa tunachuma kimya.

Eda ilipokwisha, Zuhura alirudi kutoka dukani akasema tangazo la Maiti Mbishi limebandikwa tena. Nikamwambia wifi yangu, Jumatano nakwenda. Nilijua atafoka. Yeye akakunja mkeka wake wa kusalia, akasema, "Basi twende wote. Ukianguka huko nani atakubeba?"

Mwajuma sinema hakuwa ameingia maishani mwake. Tulivaa mabuibui yetu, tukapanda basi, akalipia yeye. Ndani alishika tasbihi na kuanza kuhesabu hata kabla taa hazijazimwa. Wanawake waliokuwa wakinifahamu walinipa pole gizani, mmoja akaniletea karanga, nikazishika tu. Harusi ikaja, ikaisha. Taa ikaanza kushuka ngazi. Nilikuwa najua kila hatua ya yule mtu, na kujua kwenyewe ndiko kulikonimaliza nguvu.

Akaja, akagonga mlango. Akaweka kiganja mdomoni, ndivyo aombavyo maji. Jumba lote likamkemea, "Lala wewe! Lala!" Na hapo dada yako akasimama, tasbihi imeshikwa juu, akasema kwa ile sauti yake ya kuita watu kwenye chakula: "Mtu anaomba maji mnamtukana? Mpeni maji! Maji kitu gani?"

Vichwa vikamgeukia. Kisha kicheko kikaanzia mbele kikaja mpaka nyuma, na katikati yake nikasikia mama mmoja anasema taratibu, "Kweli jamani. Mpeni."

Nilipata aibu, maana nilikuwa sijamwona. Nilikuwa nimefumba macho. Mie, mla karanga. Nikayafumbua kumtazama huyo aliyeombewa maji. Unga ulikuwa umeishia chini ya kidevu, Baba Zuhura. Hapo palianzia ngozi yake mwenyewe, nyeusi nzuri, na jasho limechora njia kutoka sikioni. Sikio limetobolewa. Shingo nene ya kijana aliyelishwa vizuri, na ndevu bado hazijamjaa. Nimemtazama mara ngapi, sikuwahi kumwona. Alikuwa mtoto wa mtu, amepakwa unga, ameambiwa agonge mlango, naye anagonga kwa bidii zake zote. Nikasema moyoni, baki hapo hapo mwanangu, kwangu ulikosea nyumba. Karanga nikazila zote.

Nilidhani uso wako utarudi papo hapo. Haukurudi. Yeye alikwisha toka, ila pale alipokaa pakawa patupu, na kwa kitambo nikaona afadhali angebaki, angalau alikuwa mtu. Tulitoka nje, jua bado kali, tukasimama kituoni kungoja basi. Mara Mwajuma akanigeukia. "Wifi. Yule ngamia." Nikamwambia, ndiyo. "Ana sauti ya shangazi yetu wa Pugu." Na akacheka.

Hakuwa amecheka tangu tulipokuzika. Na mie, kwa ukali wake, sikuwa nimewahi kumtazama vizuri akicheka. Jicho la kushoto lilifumba kwanza, la kulia likafuata. Pua ikajikunja juu. Mdomo ukapanda upande mmoja, pengo likaonekana, na mkono ukapiga paja. Ulikuwa hapo. Ulikuwa hapo mzima, na kila kitu chako, kituoni, ndani ya buibui la dada yako.

Nikamshika mashavu yote mawili mbele ya watu. "Una nini wewe?" akaniuliza. Nikamwambia, cheka tena. Akanitazama, na sikulazimika kumweleza, kwa sababu machozi yalimtoka akiwa bado anacheka. Akaniambia kwamba na yeye tangu msiba alikuwa hajitazami kwenye kioo. Basi likaja, likajaa, likaondoka, sie tumesimama pale pale. Mwenye kuuza mahindi alitusogezea kibao tukae.

Hizo ndizo habari za huku. Zuhura anasoma vizuri, ana mguu wako, viatu havidumu naye. Mwajuma amehamia chumba cha uani, na amekwisha niuliza, kama mtu asiyetaka jibu, picha ile hurudi lini. Kuhusu mie, leo baada ya kula nilikaa upande wako wa kitanda nikaisoma ile dua niliyoikimbia. Niliianza mwanzo nikaifikisha mwisho bila haraka, na wewe uko mbele yangu, jicho la kushoto limefumba.

Kwaheri, mume wangu. Siku ile sikukuaga, nimekuaga leo. Nilikuwa nikisoma kila ninalolijua kabla ya kulala ili usinijie ndotoni. Sasa nasoma ili upumzike, na mlango sikufungii. Ukitaka kuja, njoo. Ukija umechoka, ukija umenuna, hata ukirudi na ule weupe wa karafuu maiti usoni, nakuahidi sitakukimbia tena.

Mimi mkeo,
Mama Zuhura