Nimelikata Rengu la Kushoto

Fundi wangu Pandu,

Shikamoo. Nakuamkia kama nilivyokuwa nikikuamkia karakanani, kisha naanza na lile lililo zito, kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Nimelikata rengu la kushoto la ngalawa yako. Shubiri nzima ya ubao, na kwa msumeno wako mwenyewe. Sasa nisikilize nikueleze.

Tulipomaliza kukuzika, wanachama wa chama chetu cha mashindano ya ngalawa walikubaliana kafi la nyuma nilishike mimi, niongoze. Wala sikujidai kukataa, nilijiona nafaa. Miaka kumi na sita nimejifunza useremala kwako, na kila Ijumaa baada ya Alasiri tulikuwa pamoja pale Funguni, tukiipaka ngalawa mafuta ya papa mpaka wake zetu wakatukataza kugusa mito. Basi nikakaa mahali pako, vijana wakaanza kupiga makafi, na ngalawa ikaenda kushoto.

Kwako ilikuwa ikienda moja kwa moja mpaka ule mti wa kuzungukia uliosimikwa majini, pale mbele ya jumba bovu la Mtoni. Kwangu ilikuwa kama punda aliyeona majani kando ya njia. Mara mbili watu wa Malindi wametushinda, na mara mbili tumeivuta ngalawa yao kuipandisha mchangani kama ilivyo ada ya mshindwa, wanawake wao wakituimbia. Jina langu lilikuwamo katika nyimbo, Fundi. Tukishindwa mara ya tatu, siku ya Idi, bendera aliyoishona mkeo Bi Mwanakheri kwa mkono wake ingekwenda Malindi. Watu wetu walikwishaanza kusema kwamba chama kilikuwa wewe, na wewe umeondoka.

Hapo ndipo nilipofanya ubaya. Nilimsingizia Khamis, mpiga kafi wa kushoto. Nilimuuliza mbele ya watu wote kama anapiga kafi au anakoroga uji. Aliliweka kafi chini akaenda zake kwao, na tangu siku ile akawa ananipita bila salamu. Ni yule yule Khamis aliyeingia kaburini kukupokea. Liliniuma, lakini sikurudi nyuma.

Nilijaribu kila kitu. Nilibadilisha wapigaji, nikaziba upya nyufa zote, nikalichoma tumbo la ngalawa kwa moto wa makuti. Jambo moja tu sikulifanya, sikuyapima marengu. Mbao mbili zinazoelea pembeni, hata mtoto wa chuo cha Kurani angezipima. Mimi niliona kwamba kazi ya mkono wako haipimwi, na kuiwekea kamba ni utovu wa adabu.

Bi Mwanakheri alipotoka edani aliniita, akanipa vyombo vyako vya kazi pamoja na makubadhi yako. Nikayavaa palepale kwa mapenzi, nirudi nayo nyumbani. Hatua ya kwanza nusura nianguke. Nikakaa barazani nikayageuza. Soli ya kulia ina ngozi moja, ya kushoto tatu, zimeshonwa vizuri hata jicho halioni.

Miaka kumi na sita, Fundi! Sote tulikuwa tukisema Fundi Pandu ana maringo. Ukivua viatu pale pwani, bega la kushoto likawa linashuka kila hatua, tukasema huyo, anaringa. Vijana wa Funguni wote wakaiga. Mpaka leo wanatembea hivyo, bega chini, mkono kiunoni, hasa wakipita mbele ya nyumba zenye wasichana. Nawe ulikuwa ukiwatazama na kunyamaza. Nilicheka pale barazani, kisha nikalia, kisha nikakukasirikia. Ungeniambia mimi.

Nilirudi ndani kumuuliza Bi Mwanakheri. Akasema, "Alianguka darini akitia boriti, hata hajanioa. Mguu ukaunga mfupi. Hakutaka kuonewa huruma, basi usimwambie mtu." Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Ile ngalawa aliifanya kwa mwili wake. Nawe ifanye kwa mwili wako."

Ndipo nikaenda kupima. La kushoto limelizidi la kulia kwa shubiri. Mguu wako mfupi wa kushoto haukufika ubavuni kukaza, kwa hiyo wewe ulikuwa ukiegemea kulia, na rengu la kulia likizama na kuburuta. Ukarefusha la kushoto nalo liburute, mambo yawe sawa. Mimi nakaa wima, na la kushoto linanivuta. Kumbe Khamis alikuwa akipiga kafi kiume.

Nilikwenda kwao nikamwomba radhi. Akanijibu kwamba nilimfedhehesha mbele ya watu, na msamaha nao nikauombe mbele ya watu. Alikuwa na haki.

Ijumaa nikafika Funguni na msumeno. Mzee Mcha, mtunza bendera, alisimama mbele ya rengu akatandaza mikono. "Kazi ya marehemu haikatwi," alisema. Watu wakamuunga mkono. Fundi, neno moja tu juu ya mguu wako lingemwondoa pale. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza.

Nikasema, "Mimi ndiye nnakaa upande. Ngalawa haina kosa, na Khamis hana kosa, nlimwonea. Nawaomba nipunguze ubao kwa ajili ya mwili wangu, si kwa ubaya wa kazi ya Fundi."

Walicheka mpaka Mzee Mcha akashusha mikono. Tangu siku hiyo jina langu pwani ni Mshazari, mtu wa upande, na wake zao wamelisikia, kwa hiyo haliondoki tena. Khamis hakucheka. Aliingia majini, akalishika rengu lisicheze, nami nikakata.

Siku ya Idi ngalawa ilikwenda moja kwa moja. Malindi walituzidi kuuzunguka mti wa Mtoni, lakini kurudi tuliwakamata, tukawapita kwa nusu ya ngalawa. Walituvuta mpaka mchanga mkavu, na Khamis alikataa kushuka mpaka wamalize. Kisha tukaipeleka bendera kwa Bi Mwanakheri, pamoja na sahani ya bokoboko la Idi. Vijana wote walitangulia kwa mwendo wako, bega la kushoto chini. Hata wawili wa Malindi niliwaona wanajaribu. Mimi nikafuata nyuma, nikalishusha bega langu nami. Bi Mwanakheri alitutazama toka mlangoni, akajifunika mdomo kwa ukaya. Sikujua anacheka au analia, na sikumuuliza.

Basi kwaheri, Fundi, Mungu akurehemu. Nakuahidi mambo mawili. Atakayekaa nyuma baada yangu nitampa kamba mkononi aipime kazi yangu, na akate. Na mguu wako sitautaja kwa mtu. Lala bila wasiwasi. Vijana wa Funguni bado wanaringa.