Vidudu vya Barafu na Mutoto wa Yaya Odile

Mutwanga, 9 Agosti 1955

Yaya Odile, dada yangu wa kule Lusangi,

Anakusalimu ndugu yako Grégoire, mutu wa kwanza wa Maniema kubeba barafu kichwani. Usicheke! Tuliikata juu kabisa ya mulima Ruwenzori, iko ngumu kama jiwe.

Dokta wa vidudu, yule ninamubebea mizigo, aliiyeyusha, akatia maji yake mu chupa, akaziacha mu baridi. Mimi nikaona huruma, nikapeleka chupa moja karibu na moto. Yaya, alinifokea! «Joto inaua vidudu vya humo, mujinga wewe!» Kweli, vya ile chupa ya moto vilikufa. Mu zingine vidudu viliamka. Niliviona mu mashini yake ya kukuza vitu vidogo, vinatembea, na vililala mu barafu tangu babu zetu hawajazaliwa. Hakuna kitabu kinavijua, basi leo Dokta amevipa jina.

Barua yako inasema mutoto wako alizaliwa na miezi saba, na mama yetu amekataza apewe jina mpaka tuone kama ataishi. Yaya, vile vidudu vinataka baridi, yeye anataka kifua chako. Usimutoe hapo. Na jina mumupe leo. Langu liko zuri.

Ni mimi,
Grégoire Mukubwa