Mashati Sita ya Kijivu

Mdogo wangu mpendwa, Bwana Maneno,

Pokea salamu zangu nyingi, na nyingine umpelekee wifi yangu, ambaye naomba aendelee kukufichia sigara bila huruma. Kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho ulikuwa unakohoa hata ukicheka. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto ndilo lenye maneno siku za baridi, lakini tumeshazoeana. Wapwa zako wazima, na mjukuu wangu amejifunza kusema hapana, basi nyumba nzima inamtii.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako unaitumia kama saa ya ukutani, unaitazama tu. Nina swali ambalo lazima unijibu kabla ya mwisho wa mwezi, na linahusu jina lako na langu. Nimeliweka chini kabisa, maana nakufahamu, ukilikuta mwanzoni hutasoma yaliyobaki.

Ujue kwanza kwamba mimi nafanya kazi kwenye tamthilia yako. Usishtuke. Ile kampuni ya televisheni uliyoiuzia kitabu chako cha maisha ya ujana imekodi ghala karibu na kiwanda cha uchapaji, na walikuwa wanatafuta mafundi cherehani. Nikaenda na mkasi wangu, nikapimwa kwa kushona suruali moja, nikapata. Sikusema kwamba mimi ni dada yako. Nilitaka kuona watu wanavyokuzungumzia wakati ndugu zako hawapo. Umbea wangu unaujua, na uzee haujaupunguza hata chembe.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Kitabu chako sikuwahi kukisoma. Kimekaa kabatini chini ya mashuka tangu ulipokileta, na kila nikibadilisha shuka nakisalimu na kukirudisha. Ulidhani nimekisoma kwa sababu nilikusifia jalada. Niliogopa kukisoma, na sababu yake unaijua. Nikaona afadhali niyaone hayo mambo yakiigizwa, kidogo kidogo, huku nina sindano mkononi ya kunishughulisha.

Laiti ungekuja uone. Wameijenga nyumba yetu ndani ya ghala, ila ina kuta tatu tu, ya nne ni kamera na watu wanaokula karanga. Dari hakuna. Mvua inatoka kwenye mpira wa maji unaoshikwa na jamaa aliyepanda ngazi, naye akipiga chafya mvua inahamia jikoni. Kiti cha baba wamekiweka kizuri mno, chenye mito. Na huyo baba mwenyewe ana sauti ya kutisha, akigombeza hata mimi naacha kukanyaga cherehani, lakini picha ikikatwa anakuja kwangu kwa upole kuniomba nimwongezee suruali kiunoni. Nikitazama, naona ajabu jinsi hasira ya baba ilivyo ndogo ikishavuliwa.

Kijana anayekuigiza ni mzuri wa sura. Samahani, lakini lazima niseme kweli. Nilitafuta lile sikio lako lililosimama, sikulipata. Hata hivyo ni mtoto mwenye bidii, anauliza kila kitu, na tumeelewana.

Siku walipopiga picha ya wizi, niliaibika. Kijana anavunja dirisha la fundi redio, anaingia, anaikumbatia redio, anakimbia nayo barabarani, na muziki wameshauchagua wa kukuliza. Mama wa vipodozi anafuta machozi. Mimi nikacheka, tena kicheko cha kutoka tumboni, hadi ikabidi warudie. Mwongozaji akaja kuniuliza kulikoni. Ni mtu mwembamba, mpole, anayeuliza swali halafu anangoja jibu kweli. Nikamwambia kwamba redio iliyoko kwa fundi si ni mbovu, huyu mtoto amekimbia na redio isiyolia. Akatabasamu, akasema hilo ni zuri kuliko lilivyoandikwa, na akalitia. Lakini alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Baada ya hapo ikaja sehemu ya shule ya maadilisho, mahali wanapopelekwa watoto walioshindikana. Wamejenga bweni, na nje yake ua wa waya. Siku ya wageni, wenzake wote wanatembelewa, yeye anakaa peke yake kitandani akitafuna kucha. Nikashangaa. Nikamwuliza msichana anayeshika mswada kwamba hivi huyu mtoto nyumbani kwao hana ndugu. Akafungua kurasa zake, akasema ni mtoto wa pekee, ndivyo kitabu kinavyosema, hakuwahi kutembelewa na mtu.

Siku ya mapumziko nikakitoa kitabu chini ya mashuka. Nikaketi nacho jikoni, chai ikapoa, maharage yakaungua, nikakimaliza. Nilijitafuta ukurasa hadi ukurasa, kwanza kwa hofu, halafu kwa wasiwasi wa aina nyingine. Simo. Hata kama jirani simo.

Wiki iliyofuata mkuu wa mavazi akanipa jora la kitambaa cha kijivu, akaniambia nishone mashati sita ya sare ya hiyo shule, mepesi, yasiyo na mfuko. Nikayashona bila kufikiri, naimba. Yalipopelekwa, kijana akavaa shati lake na akaanza kuhangaika na vifungo kama mtu anayevishwa na mwingine. Mkuu wa mavazi akaligeuza, akageuza na mengine, akaniuliza kwa sauti, mbele za watu, nimekuwaje leo. Mashati yote sita niliyashona ya kike, vifungo kushoto na matundu kulia. Akasema shule ya wavulana haikuwa na shati kama hilo.

Mwongozaji akalichukua moja, akalitazama, akanitazama mimi. Akaniuliza taratibu kama nimewahi kumfahamu mwandishi. Nikamjibu kwamba ni mdogo wangu, tumbo moja. Hakuuliza la pili. Alisema kama ipo habari nyingine yuko tayari kuisikia, na kama haipo nifumue tu vifungo, kazi iendelee.

Mdogo wangu, sasa tuyaseme. Nimeshona mashati ya watu maisha yangu yote na sijawahi kukosea upande wa vifungo. Mikono yangu haikusoma kitabu chako. Ilishona shati ililolijua, lile nililolivaa mimi. Wewe hukuvunja dirisha la mtu yeyote. Wewe ulikuwa mtoto anayeogopa kuku. Redio niliiba mimi, shule ile nilifungiwa mimi, na bweni lile lilikuwa la wasichana.

Nakumbuka nilivyokuapisha siku ulipochapisha hadithi yako ya kwanza, kwamba usije ukaandika neno hata moja juu ya dada yako na shule ile. Nilikuwa na mchumba, na kwao hawakujua. Ulinikubalia. Na kumbe hukuweza kuliacha jambo lenyewe, ukaona njia ya kuliandika bila kunivunjia kiapo ni kulivaa wewe. Watu wakakuita mwizi kwenye magazeti, ukanyamaza. Nilipofunga kile kitabu nililia, na sikulia kwa huzuni. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa hivyo, na nilikuwa nimelilaza kabatini miaka yote hii.

Lakini kuna kitu ulikosea, na hapo ndipo nakugombeza kama dada mkubwa. Ulipojiweka mahali pangu, mahali pako pakabaki wazi. Mimi nilitembelewa. Baba alikataa kukanyaga pale, lakini shangazi alikuja kila Jumapili ya wageni, na wakati yeye anahojiwa ofisini, wewe hukuruhusiwa kuingia, ukawa unakuja kwenye waya kwa nyuma. Ulikuwa huna zawadi. Ukawa unanisimulia habari za yule bwana aliyepotelewa na usingizi wake, akawa anapita nyumba hadi nyumba kuuulizia. Kwa mwoka mikate aliambiwa umetoka sasa hivi, kitanda bado cha moto. Kwa mwalimu aliukuta darasani, ukamponyoka dirishani. Kengele ikilia, unakatiza, unasema Jumapili nyingine.

Hujui kwamba mara mbili wenzangu walitoboa ua wakaniita tutoroke. Sikwenda. Nilitaka kujua yule bwana ameishia wapi. Waliotoroka sikuwaona tena, na mmoja nilisikia habari zake, si nzuri. Mimi nikabaki, nikajifunza cherehani, nikapata maisha haya yenye goti bovu na mjukuu jeuri. Wewe unawaambia watu ulianza kuwa mwandishi kwa sababu ya upweke. Ulianza pale kwenye waya, nami ndiye niliyekuwa msomaji wako.

Basi swali langu linakuja. Nimefumua mashati matano. Moja nimelibakiza kama lilivyo. Kiapo nakufungulia leo, mchumba alikuja kuwa mume, na marehemu mwenyewe nilimwambia miaka mingi iliyopita, akacheka hadi akakohoa. Ukikubali, nitampa mwongozaji shati hilo na kumweleza yote, na wataandika upya sehemu ya mwisho, kuwe na dada ndani na mdogo wake nje. Najua wapo watakaokuita mwongo, na fedheha hiyo ni yako, siwezi kukuchagulia. Ukikataa, nitafumua na la sita na kusema ni macho ya uzee, na nitakupenda vilevile.

Ila wakikubali kuipiga picha, mtoto wa kwenye waya atahitaji maneno ya kusema, na hapo nimekwama. Siku niliyotolewa nilikuwa na furaha ya kijinga, nikasahau kuuliza, na tangu hapo nimeona aibu. Niambie, mdogo wangu, yule bwana aliupata usingizi wake? Aliukuta kwa nani?

Msalimie wifi, kula matunda, na uvae soksi. Shangazi angekuwapo angekusalimu pia.

Ni mimi dada yako, upande wa ndani wa waya.