Picha ya Saa Nne na Dakika Arobaini na Mbili

KITUO CHA POLISI CHA BANDARINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa katika jalada.
Umri: miaka 24. Jinsia: mwanamke.
Kazi: karani wa masjala, ofisi ya ardhi.
Makazi: kwa shangazi yake, ghorofa ya tatu, nyuma ya kiwanda cha mikate.
Tarehe 16, kuanzia saa 2:20 asubuhi.

Naomba hili litangulie: mtu aliyeanguka baharini jana anatafutwa mahali ambapo hayupo, na kosa ni langu. Kikosi cha uokoaji kitaacha kumtafuta leo saa nne asubuhi. Afisa ameniambia, "Binti, siwezi kugeuza boti kwa maneno ya mdomo. Andikisha, tia saini, ndipo nipige simu." Kwa hiyo nitajitahidi kufupisha.

Mnamo tarehe 14, saa tisa alasiri, mimi na shangazi yangu tulipanda meli ya abiria kwa matembezi ya siku mbili. Shangazi alikuwa fundi cherehani, sasa amestaafu, na safari hiyo ilikuwa zawadi kutoka kwa wanawe. Mimi nilibeba kamera. Napenda kupiga picha meli zinazopita. Kila nikipiga, naandika daftarini jina la meli, upande inakoelekea, na saa iliyo kwenye picha. Shangazi alinicheka sana. "Hata baharini umekuja na masjala yako, Bi Muhuri? Waache watu wapite na meli zao!"

Jioni hiyo, saa kumi na mbili, kipaza sauti kilitangaza kwamba tunaingia eneo lenye majira mengine, na kila abiria asogeze saa yake mbele kwa saa moja. Nilisogeza ya mkononi. Nikasogeza na ya shangazi. Kamera ilikuwa ndani ya mkoba.

Mnamo tarehe 15 asubuhi, meli ya mizigo yenye ubavu wa kijani ilionekana kulia kwetu, ikielekea tunakoelekea. Tuliongozana nayo tangu baada ya kifungua kinywa mpaka baada ya chakula cha mchana, huku ikibaki nyuma kidogo kidogo. Niliipiga picha thelathini na moja. Kwa macho yangu sikuona mtu.

Saa nane mchana nilikuwa chumbani nikizikuza picha hizo. Katika picha ya kumi na tisa kuna mtu ameketi juu ya ubao uliotundikwa kwa kamba mbili, nje ya ukingo, nyuma kabisa ya meli. Anapaka rangi. Amevaa jaketi la kuelea, la rangi ya chungwa. Katika picha ya ishirini ubao unaning'inia kwa kamba moja. Katika picha ya ishirini na moja kuna nukta ya rangi ya chungwa ndani ya povu.

Nilikimbia pekupeku mpaka kwa afisa wa sitaha. Aliwaita wenye meli ile kwa redio. Walihesabiana, wakakuta wamepungukiwa na mmoja. Hakuna aliyekuwa amemwona tangu chai ya asubuhi. Kwa hiyo hakuna aliyejua ameanguka saa ngapi, na asiyejua saa hajui mahali, maana meli haikai. Picha yangu tu ndiyo iliyokuwa na saa.

Afisa wa sitaha aliniuliza, "Hii ulipiga saa ngapi?"

Nilisoma kwenye kamera. Nikasema saa nne na dakika arobaini na mbili.

Shangazi alikuwa amenifuata. Akasema, "Mwanangu, wakati ule si tulikuwa tunasubiri kengele ya chakula?" Kengele ya chakula hulia saa sita.

Nilimjibu mbele ya watu, "Shangazi, wewe unakumbuka tu. Kamera imeandika."

Afisa aliuliza tena kama nina hakika. Nikasema ninayo. Kazini nimefundishwa kuamini kilichoandikwa kuliko kinachokumbukwa.

Usiku kabla ya chakula nahodha alinishukuru kwa kipaza sauti. Abiria walinipigia makofi, wakaniita Jicho la Meli. Niliyapokea makofi hayo.

Leo, saa moja kasoro robo asubuhi, tulitangaziwa turudishe saa zetu nyuma. Nikarudisha ya mkononi, nikarudisha ya shangazi. Safari hii nilikumbuka kamera. Nilipoitoa ili niirudishe, nikakuta inalingana na saa yangu. Ilikuwa haijawahi kusogezwa.

Kwa hiyo picha ilipigwa saa tano na dakika arobaini na mbili kwa saa ya meli. Meli ile hukata kama maili kumi na tano kwa saa. Mtu huyo yuko maili kumi na tano mbele ya wanapomtafuta.

Nilimwambia shangazi. Alikaa kitandani. Akasema, "Nyamaza kwanza tushuke. Watasema wewe ndiye uliyemuua. Kibarua kitaota nyasi, na jina je?" Hakunikumbusha neno lake la kengele. Afadhali angenikumbusha.

Nilinyamaza. Afisa wa sitaha alipita mbele yangu mara mbili kwenye foleni ya kushuka. Mara ya pili alisema, "Umeamkaje, Jicho la Meli?" Nikamjibu salama. Si shangazi aliyenifunga mdomo. Niliogopa mwenyewe. Kwanza nilimnyima mtu huyo saa moja bila kujua, kisha nikamnyima saa moja na nusu nikijua. Hiyo ya pili naomba iandikwe kama ilivyo.

Jaketi lake linaonekana limefungwa vizuri. Nimelikuza mara nyingi. Vifungo vyote vitatu vimefungwa.

Ninayoyajua yameishia hapo. Kamera na daftari nimevikabidhi. Sijawahi kutia saini karatasi ambayo sijaisoma mara mbili. Hii naitia bila kuisoma.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA: Shahidi amekataa kusomewa. Simu kwa kikosi cha uokoaji imepigwa saa 3:04 kwa saa ya ukutani, ambayo shahidi aliilinganisha na yake mara mbili. Nimejibiwa kwamba boti moja ilikwisha anza kurudi na sasa imegeuzwa. Nimemwambia shahidi anaweza kwenda nyumbani. Shangazi yake amekuja kumchukua. Wote wawili wameketi kwenye benchi, chini ya simu.

Saa 3:50. Bado wapo.